Shajara ya mradi: kompyuta ya mezani iliyogoma kuwaka

Siku ya 1

Asubuhi ya leo kompyuta yangu ya mezani imegoma kuwaka. Nilipobonyeza kitufe cha kuwashia, feni ya prosesa ilijisukuma robo mzunguko, taa ya mbele ikapepesa mara moja, kisha kasha zima likanyamaza. Bonyezo la pili halikuleta hata ile robo mzunguko. Nimefungua shajara hii kwa sababu safari iliyopita, nilipohangaika na mashine nyingine bila kuandika chochote, nilijikuta nikirudia jaribio lile lile mara tatu, na kila mara niliamini kwamba ni jipya.

Kilichomo ndani ya kasha ni ubao mama wa mwaka 2012, prosesa inayoweza kutoa picha yenyewe bila msaada wa kadi, vipande viwili vya RAM aina ya DDR3 vya GB 4 kila kimoja, kadi ya michoro inayohitaji plagi ya pini 6 kutoka kwenye pawa saplai (sanduku linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa vifaa), diski mbili za inchi 3.5, na pawa saplai ya wati 450 iliyokuja pamoja na kasha. Hakuna kifaa kilichoongezwa wala kuhamishwa katika miezi ya karibuni. Jana usiku niliizima kwa utaratibu wa kawaida, na leo haikuamka.

Nimeanza na mambo ya nje, ingawa mkono uliniwasha kushika bisibisi. Taa ya kusomea niliyoichomeka kwenye soketi ile ile ya ukutani iliwaka bila tatizo. Kebo ya umeme nimeibadilishana na ya monita, ambayo najua ni nzima kwa kuwa monita inawaka, na hali haikubadilika. Swichi ya nyuma ya pawa saplai nimeizima na kuiwasha mara kadhaa, kwa maana watu wengi wamewahi kufungua kasha lote kumbe swichi hiyo imegongwa na ufagio.

Katika kuchomoa na kuchomeka nimegundua jambo linalostahili kuandikwa. Kebo ikichomolewa kwa nusu dakika na kurudishwa, bonyezo la kwanza huleta ile robo mzunguko, lakini mabonyezo yote yanayofuata hayaleti chochote mpaka kebo ichomolewe tena. Kitufe kibovu hakina tabia hiyo. Ndani ya pawa saplai mna saketi ya ulinzi ambayo, ikihisi hitilafu, hukata umeme na kujifunga, na mara nyingi haijifungui mpaka umeme wa ukutani uondolewe. Kwa hiyo kuna kitu kinachoitisha saketi hiyo: ama waya mbili zinagusana mahali fulani, ama umeme unaotoka haufikii kiwango.

Ili kukiondoa kabisa kitufe katika orodha ya watuhumiwa, nimevua waya zake kwenye pini mbili za ubao mama na kuzigusisha pini hizo kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Robo mzunguko ile ile ilitokea, halafu kimya. Kitufe hakina hatia. Taa ndogo ya kijani iliyo pembeni mwa ubao mama inawaka muda wote kebo ikiwa imechomekwa, nayo inaonyesha kwamba zile volti 5 za kusubiri, ambazo pawa saplai huzitoa hata mashine ikiwa imezimwa, zinafika.

Siku ya 2

Leo ilikuwa zamu ya pawa saplai, na nimetumia jaribio linalojulikana na kila fundi, lile la klipu ya karatasi. Pawa saplai za mfumo wa ATX, uliotolewa na Intel mwaka 1995, hazisubiri swichi ya kukata umeme mkubwa kama zilivyofanya zile za kale, zinasubiri ishara. Waya wa kijani, ambao ni pini ya 16 katika plagi ya pini 24, ukiunganishwa na waya wowote mweusi, pawa saplai huamka. Ubao mama hufanya kazi hiyo hiyo kila tunapobonyeza kitufe, na klipu huchukua tu nafasi yake.

Nilichomoa kebo ya ukutani, nikavua plagi zote kutoka kwenye ubao mama, kadi na diski, nikaacha feni moja ya kasha iwe mzigo mdogo, nikaingiza klipu iliyonyooshwa, kisha nikarudisha umeme. Feni ilizunguka, na ikaendelea kuzunguka dakika baada ya dakika. Multimita ilisoma volti 12.08 kwenye waya wa njano, 5.04 kwenye mwekundu, 3.34 kwenye wa rangi ya chungwa, na 5.02 kwenye wa zambarau, ambao ndio wa kusubiri. Kanuni za ATX huruhusu asilimia 5 juu au chini, yaani wa njano uwe kati ya 11.40 na 12.60, na mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Vipimo vyangu vilikuwa katikati kabisa ya mipaka hiyo.

Nimeandika kwa herufi kubwa katika daftari la mezani: PAWA SAPLAI NZIMA. Nimepiga na mstari chini yake.

Jambo moja la pembeni kabla sijalala. Betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mama, aina ya CR2032, ambayo ikiwa mpya hutoa volti 3 na ushei, imesoma 2.71. Betri hii hutunza saa na mipangilio ya bayosi, ile programu ya ubao mama inayoiamsha mashine, wakati mashine haina umeme, na kwa kawaida kuchoka kwake hakuzuii mashine kuwaka. Hata hivyo nimeibadilisha, kwa kuwa kasha lilikuwa wazi na betri mpya ilikuwapo. Sikujiuliza mipangilio iliyomo inafanana vipi na ile ya kiwandani.

Siku ya 3

Kwa kuwa pawa saplai imeondolewa lawama, nimehamia kwenye ubao mama, na hapo njia ya uhakika ni moja: kuvua kila kitu na kuanza na kidogo kiwezekanavyo. Nilipiga picha sita kabla ya kugusa waya wowote, na nne kati ya hizo zilikuwa za ile kona yenye pini za kitufe na taa za mbele, kwa sababu maandishi yaliyochapishwa pale ni madogo kuliko chawa. Kila skrubu niliiweka juu ya karatasi niliyoandika ilikotoka. Umeme tuli wa mwilini nimeutoa kwa kugusa chuma kitupu cha kasha mara kwa mara, jambo ambalo ni la lazima zaidi kwa aliyekaa kwenye zulia kama mimi.

Ubao mama niliutoa nje ya kasha na kuulaza juu ya kipande cha boksi. Nilikagua upande wake wa chini na vile vijiguu vya shaba vinavyouinua kutoka kwenye chuma, kwa maana kijiguu kimoja kikiwekwa mahali pasipo na tundu hugusa saketi na kuleta dalili kama hizi zangu. Vyote vilikuwa mahali pake. Nilichunguza pia kapasita, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi chaji, zilizouzunguka mlango wa prosesa: vichwa vyake vilikuwa bapa, bila uvimbe wala ute. Feni ya prosesa na bamba lake la kupozea sikuvigusa. Bamba limeshika imara, na likishika hivyo joto haliwezi kupanda kiasi cha kuzima mashine ndani ya nusu sekunde.

Jaribio la kwanza lilikuwa la prosesa peke yake, bila RAM, nikiwa nimeunganisha spika ndogo ya ubao mama. Hapa mtu anatafuta malalamiko, si mafanikio: prosesa na bayosi zikiwa hai, na RAM haipo, ubao mama hulia. Niligusisha pini kwa bisibisi, feni ikazunguka mfululizo, na baada ya kama sekunde mbili spika ikaanza kutoa mlio mrefu, ikanyamaza, ikatoa mwingine. Sijawahi kuifurahia kelele kama nilivyoifurahia ile. Ubao uliodhaniwa kufa ulikuwa unadai RAM yake.

Niliingiza kipande kimoja cha RAM baada ya kusugua meno yake kwa ufutio laini wa penseli na kupangusa vumbi la ufutio lisibaki hata chembe. DDR3 ina pini 240 na pengo moja lisilo katikati, hivyo haingii kinyume, lakini inaweza kuingia nusu. Nilisukuma mpaka kishikizo cha kila upande kikalia taka. Nikachomeka monita kwenye tundu la picha la ubao mama wenyewe. Baada ya mlio mmoja mfupi skrini ilionyesha jina la ubao, kisha ujumbe kwamba hakuna diski ya kuanzia. Kipande cha pili cha RAM kilikubali vilevile.

Kwa hiyo pawa saplai ni nzima, ubao mama ni mzima, prosesa ni nzima na RAM ni nzima, na bado nina kompyuta isiyowaka. Nimelala saa sita usiku nikiwa na raha isiyo na msingi.

Siku ya 4

Nimerudisha vifaa kimoja kimoja, na kila baada ya kimoja nimewasha. Ubao ukiwa ndani ya kasha, mashine iliwaka. Diski ya kwanza ilipoongezwa, iliwaka. Ya pili ilipoongezwa, iliwaka, ingawa nilihisi feni ikisitasita mwanzoni. Kadi ya michoro ilipoingia na kupewa plagi yake ya pini 6, robo mzunguko ile ya siku ya kwanza ilirudi, ikifuatwa na kimya kile kile. Nilitoa kadi, mashine ikawaka. Nilirudisha kadi, ikagoma.

Ushahidi unaonekana kamili, nami nimeandika kwamba kadi ya michoro ina waya zinazogusana ndani. Kesho nitaijaribu kwenye mashine ya rafiki ili kufunga faili.

Siku ya 5

Faili halikufungwa. Kadi imefanya kazi kwenye mashine ya rafiki kwa saa mbili, ikiwa na picha safi na joto la kawaida, na tumeizima na kuiwasha mara nne bila kinyongo chochote.

Nimerudi nayo na kujaribu jambo ambalo jana sikulifikiria: kuirudisha kadi lakini kuziacha diski zote mbili bila umeme. Mashine imewaka. Nimeongeza diski moja, ikawaka kwa shida baada ya jaribio la pili. Nimeongeza ya pili, ikagoma. Kisha nimetoa kadi na kuacha diski mbili, ikawaka. Kila kifaa kikiwa peke yake kinakubalika, na hakuna jozi maalumu inayogombana. Mashine inakataa jumla yao.

Nilikuwa bado nimeinamia kasha pale mpwa wangu, anayeitumia mashine hii kwa kazi zake za shule kabla sijaamka, aliposimama mlangoni.

"Mjomba, kwani haijapona?"

"Bado, mwanangu. Inawaka ikiwa na vifaa vichache, ikiwa na vyote inakataa."

"Mimi asubuhi huwa naibonyeza mara mbili. Ya kwanza haiwaki. Nachomoa waya kidogo, nachomeka, halafu ndiyo inawaka."

"Tangu lini?"

"Tangu kipindi cha baridi kilipoanza. Nilidhani ndivyo ilivyo."

Nimeweka bisibisi chini. Mimi huikuta mashine tayari imewashwa na mtu mwingine, na wiki zote hizo ilikuwa ikitangaza ugonjwa wake kila asubuhi kwa mtoto ambaye hakuna aliyemwambia kwamba jambo hilo si la kawaida. Mashine inayokataa ikiwa baridi na kukubali baada ya kujaribiwa, inayokubali mzigo mdogo na kukataa mkubwa, hainipeleki kwenye kadi, diski wala ubao mama. Inanirudisha kwenye ule mstari niliouchora siku ya pili.

Siku ya 6

Nimetumia sehemu kubwa ya siku kupima kile kile nilichokipima siku ya 2, kwa njia tofauti. Siku ile pawa saplai ilikuwa imebeba feni moja tu, inayotumia wati chache, na multimita ilisema kweli kuhusu pawa saplai yenye feni moja. Sikuwa nimeiuliza habari ya kompyuta nzima.

Wakati wa kuwaka ndio wakati mzito kwa mashine ya namna hii. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzungusha sahani zake kutoka kwenye utulivu huvuta takriban ampia 2 kwenye volti 12, yaani wati 24, ilhali ikishashika mwendo hutosheka na wati chache. Diski mbili huanza kwa pamoja, feni zote huanza kwa kasi ya juu, na kadi ya michoro hujaza kapasita zake kwa mkupuo. Jumla hiyo haikaribii wati 450 zilizochapwa ubavuni, lakini namba ile ilichapwa wakati pawa saplai ilipokuwa changa.

Nilichomeka ncha nyekundu ya multimita kwenye waya wa njano wa plagi ya ziada ya pini 4 iliyokuwa haitumiki, na nyeusi kwenye waya mweusi wa jirani yake, nikaweka multimita katika hali ya kushikilia kipimo cha chini kabisa. Kila jaribio lilitanguliwa na dakika 20 za kuchomoa kebo, ili pawa saplai isipate joto la jaribio lililotangulia. Kwa ubao mama peke yake, kipimo cha chini kilikuwa 11.86. Kwa diski moja, 11.61. Kwa diski mbili, 11.22, ambacho tayari kiko nje ya kanuni ingawa mashine iliwaka. Kwa kadi bila diski, 11.31. Kwa vyote pamoja, 10.14, na mashine ikazima. Multimita yangu si nyepesi kiasi cha kuona mambo yanayotokea katika sehemu ndogo ya sekunde, kwa hiyo naamini shimo lenyewe lilikuwa la kina zaidi ya namba hiyo.

Kuna waya mwingine ambao nilipaswa kuukumbuka mapema, nao ni wa kijivu, pini ya 8. Pawa saplai hupandisha waya huu hadi karibu volti 5 pale inapojiridhisha kwamba umeme wake umetulia, kwa kawaida kati ya milisekunde 100 na 500 baada ya kuamshwa, na ubao mama hauruhusu prosesa ianze kazi kabla ya ishara hiyo. Nimeupima kwa kuingiza ncha nyuma ya plagi ikiwa imechomekwa. Mashine inapowaka, husoma 5.0. Inapogoma, hauinuki kabisa. Kumbe prosesa haikuwahi hata kupewa ruhusa ya kuanza, na majaribio yote ya RAM na kadi yalikuwa yakihoji mashahidi waliokuwa wamelala.

Kabla ya kumaliza nilimulika tochi kupitia matundu ya nyuma ya pawa saplai. Karibu na mahali waya zinapotokea kuna kapasita tatu zilizosimama bega kwa bega, na ya katikati imevimba kichwa, ile alama ya msalaba iliyokatwa juu yake ikiwa imepasuka kidogo na kuacha ukoko wa kahawia. Kapasita za aina hii zina kimiminika ndani, ambacho hukauka mwaka hadi mwaka, na hukauka haraka zaidi kadiri zinavyokaa kwenye joto. Ikishachoka hushindwa kutoa mkondo kwa haraka pale mzigo unapoongezeka ghafla, na uwezo mdogo iliobaki nao huupoteza zaidi ikiwa baridi. Ndiyo maana jaribio la pili la mpwa wangu lilifaulu: la kwanza lilikuwa limeipasha moto kidogo.

Sikuifungua pawa saplai, na sitaifungua. Ile kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kebo kuchomolewa, na mtu asiye na vifaa vya kuitoa chaji hana biashara ndani ya sanduku lile.

Katika daftari la mezani nimekata maneno PAWA SAPLAI NZIMA. Sikuyafuta, kwa kuwa yalikuwa sehemu ya mradi.

Siku ya 7

Nimeagiza pawa saplai ya wati 550. Kabla ya kuagiza nilihesabu plagi zinazohitajika na kupima nafasi ndani ya kasha. Hakuna kingine kilichofanyika leo.

Siku ya 8

Pawa saplai mpya imefika. Ni ya aina ambayo kebo zake huchomolewa pande zote mbili, na hapa nimeona heri niandike onyo kwa atakayeirithi mashine hii: kebo zilizokuja nayo zikae nayo, kwa sababu mpangilio wa pini upande wa sanduku hutofautiana kati ya watengenezaji, na kebo ya sanduku jingine inaweza kuingia vizuri kabisa na kupeleka volti 12 mahali panapongoja volti 5. Diski iliyofanyiwa hivyo huungua.

Skrubu nne, plagi ya pini 24, plagi ya kadi, plagi za diski. Niliwasha. Feni zote zilizunguka, diski zikavuma, nikashangilia, na skrini ikabaki nyeusi. Nilisimama pale kama dakika mbili nikitafakari kadi, RAM na dhambi zangu nyingine, kabla ya kuona plagi ya pini 4 ikining'inia juu ya prosesa. Plagi ile ndiyo inayompa prosesa volti 12 zake. Bila hiyo kila kitu huzunguka isipokuwa akili. Nikaichomeka, mashine ikatoa mlio mmoja mfupi na picha.

Kisha likaja tatizo la pili, na hili nililitengeneza kwa mikono yangu. Windows ilianza kupanda, nukta zikazunguka, halafu skrini ya bluu ikatokea na msimbo 0x0000007B, ambao maana yake ni kwamba mfumo umeshindwa kuifikia diski ulimohifadhiwa. Mashine ikajiwasha upya na kurudia. Mtu mwenye haraka angesema diski imekufa katika heka heka za wiki hii, na nakiri kwamba wazo hilo lilinipitia. Lakini diski ilionekana kwenye bayosi kwa jina na ukubwa wake kamili, na nilipopitia shajara hii nyuma nilikutana na sentensi ya siku ya 2 kuhusu betri.

Betri ilipotoka, bila umeme wa ukutani kuwapo, mipangilio yote ilirudi ya kiwandani. Ubao mama huu, kama mbao nyingi za umri wake, kiwandani hupangwa kuzungumza na diski kwa njia ya kale inayoitwa IDE, ilhali Windows yangu iliwekwa wakati mpangilio ukiwa AHCI, njia mpya zaidi, na ilipoamka ilikuta mlango iliouzoea haupo. Nilirudisha AHCI, nikahifadhi, nikawasha upya. Ukurasa wa kuingilia ulifunguka ndani ya dakika moja, na mafaili yote yapo.

Tarehe ilikuwa 1 Januari 2012. Niliirekebisha mara moja, kwa kuwa tovuti nyingi hukataa kufunguka kwenye mashine inayoamini kwamba vyeti vyao vya usalama bado havijatolewa. Mipangilio mipya ya bayosi nimeipiga picha, na picha hizo nimezihifadhi nje ya mashine yenyewe.

Mwisho nikarudia kipimo cha siku ya 6 kwa vifaa vyote, mashine ikiwa imepoa. Kipimo cha chini kabisa wakati wa kuwaka kilikuwa 11.89, na baada ya kutulia 12.06.

Siku ya 11

Asubuhi tatu mfululizo nimeamka mapema kuliko wengine ili kuiwasha mwenyewe ikiwa baridi, multimita ikiwa imefungwa kwenye waya. Vipimo vya chini vilikuwa 11.88, 11.90 na 11.88, na mashine iliwaka kwa bonyezo moja kila siku. Pawa saplai ya zamani nimeikata kebo yake ya ukutani na kuiandika MBOVU kwa kalamu nene, ili asitokee mtu akaiokota kabatini na kuijaribu kwa klipu.

Siku ya 12

Leo nimelala mpaka saa moja na nusu, nikaamshwa na sauti ya mpwa wangu: "Mjomba, imerudia!" Nilifika sebuleni na multimita mkononi. Nilimwomba anionyeshe alivyofanya. Alibonyeza kitufe, feni zikazunguka, taa ikawaka, na kabla picha haijafika alibonyeza tena, kama alivyozoea. Bonyezo fupi wakati Windows haijachukua usukani huzima mashine palepale.

Nimemwambia abonyeze mara moja na kuweka mikono mfukoni. Imewaka.